Nyumba Ipi Tunayoizungumzia?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wageni waalikwa, na ninyi vijana mnaosomea sheria, ujenzi na mipango miji, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie nyumba. Si namna ya kuijenga, maana wahandisi waliomo humu wananizidi mbali. Nimeombwa nizungumzie kile tunachokikusudia tunapolitamka neno hilo kwenye sera, kwenye sheria, kwenye ahadi za kampeni na kwenye mikataba ya mikopo. Niseme mapema ninachoamini, ili mpate pa kunishikia. Naamini ugomvi mwingi kuhusu nyumba si wa fedha peke yake. Ni ugomvi wa watu wanaotumia neno moja kwa vitu tofauti bila kuambizana, na anayeumia ni yule ambaye maana yake haikuandikwa popote.

Mafundi simu wametuacha mbali katika hili. Fundi akikwambia hausingi ya simu imepasuka, mnaelewana hapo hapo kwamba ni ganda la nje. Betri na kioo ni mazungumzo mengine, yenye bei nyingine. Sisi tunakaa mezani, mmoja akili yake iko kwenye ganda, wa pili kwenye kiwanja, wa tatu kwenye mkopo, wa nne kwenye haki ya mtu kutofukuzwa, kisha wote tunatia saini waraka mmoja ulioandikwa "nyumba".

Nianze na maana inayopendwa majukwaani, yaani nyumba kama idadi. Kila serikali ina takwimu yake ya upungufu wa nyumba, na kila mgombea ana takwimu yake ya atakazojenga. Upungufu hupatikanaje? Kwa kawaida huchukuliwa idadi ya kaya, ikatolewa idadi ya nyumba zinazofaa, na kinachobaki ndicho upungufu. Inaonekana hesabu ya darasa la pili. Lakini kaya ni nani? Katika sensa nyingi duniani, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Sasa chukueni kijana wa miaka 30, ana mke na mtoto, ametafuta chumba cha kupanga akakosa anachokimudu, akabaki kwa wazazi wake, na wote wanakula chungu kimoja. Karani wa sensa anapiga hodi, anauliza maswali yake, anaandika: kaya moja, nyumba moja. Upungufu hapo ni sifuri.

Tazameni kilichotokea. Ukosefu wa nyumba umeizuia kaya mpya isizaliwe, na kwa kuwa haikuzaliwa, haiwezi kuhesabiwa kwamba inakosa nyumba. Kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya ndivyo takwimu inavyoweza kupendeza. Watakwimu wanaijua kaya hii iliyofichika, na ziko nchi zinazoitafuta kwa maswali ya ziada: je, kuna wanandoa wawili chini ya paa moja, je, wangependa kujitegemea? Ila majibu ya maswali hayo huishia kwenye viambatisho, na viambatisho havisomwi jukwaani.

Upande wa pili wa hesabu una neno "zinazofaa", na hapo ndipo penye mchezo. Ukiamua kwamba nyumba ya ukuta wa udongo haihesabiki, upungufu unapanda usiku mmoja bila mtu hata mmoja kupoteza pa kulala. Ukiamua inahesabika, upungufu unashuka bila tofali kuwekwa juu ya tofali. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, lina kipimo chake cha makazi duni: kaya inayokosa hata kimoja kati ya maji safi, choo bora, jengo imara, nafasi ya kutosha (chumba kimoja kisilalwe na zaidi ya watu watatu), na uhakika wa kutoondolewa bila sheria. Ni kipimo kizuri kuliko vingi. Lakini hicho cha tano, uhakika wa kukaa, mara nyingi huachwa nje ya takwimu zinazochapishwa kwa sababu data zake ni ngumu kupatikana. Choo unaweza kukiona kwa macho. Hofu ya mtu kwamba kesho atakuta mlango umefungwa kwa kufuli la mwingine haionekani, kwa hiyo haimo kwenye jedwali.

Mtasema, basi, tujenge tu. Tukijenga nyingi, haya mengine yatajipanga. Hoja hiyo ilishajaribiwa, na kwa fedha nyingi. Katikati ya miaka ya 1950, mji wa St. Louis nchini Marekani ulimaliza kujenga mradi ulioitwa Pruitt-Igoe: majengo 33, kila moja ghorofa 11, zaidi ya nyumba 2,800 kwa watu wa kipato cha chini. Mchoraji wake alikuwa Minoru Yamasaki, yule yule aliyekuja kuchora minara pacha ya World Trade Center ya New York. Kwa lugha ya idadi, kazi ilikuwa imekwisha. Watu walitoka kwenye mabanda yaliyochakaa wakaingia mahali penye maji ya bomba, umeme na madirisha.

Nataka mwone lifti za pale. Zilisimama ghorofa ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi. Hizo nyingine zilirukwa, kwa sehemu ili kubana gharama. Kwa hiyo mama anayeishi ghorofa ya sita alipandishwa hadi ya saba, akatembea kwenye varanda ndefu ambayo kwenye mchoro iliitwa mahali pa majirani kukutana, kisha akashuka ngazi na mzigo mkononi na mtoto mgongoni. Taa za ngazi zikiungua na asitokee wa kuzibadilisha, zile ngazi zinakuwa mahali pa kuvizia watu. Na wa kuzibadilisha hakuwepo, kwa sababu matengenezo yalitegemea kodi ya wapangaji. Wapangaji wenye uwezo walipohama, kodi ilipungua. Kodi ilipopungua, lifti ziliharibika. Lifti zilipoharibika, wakahama wengine. Mwaka 1969 waliobaki waligoma kulipa kodi. Mwaka 1972 serikali ilianza kuyaangusha majengo kwa baruti, na picha za vumbi lile zikazunguka dunia nzima.

Lawama ilikwenda kwenye zege. Vitabu vizima vya wasanifu vimefundisha kwamba ghorofa ndefu zilishindwa. Mimi nadhani zege lilisingiziwa. Wakati ule, kanuni za msaada kwa familia zenye watoto zilimnyima mama msaada kama kulikuwa na mwanamume mwenye nguvu za kufanya kazi ndani ya nyumba. Yaani nyumba mpya, ya umma, yenye vyumba vya kutosha, ilikuwa na sharti lisiloandikwa mlangoni: baba asiwemo. Mchoro upi ungeponya hilo?

Na ushahidi kwamba si zege uko Vienna, Austria. Kati ya mwaka 1923 na 1934 manispaa ya Vienna ilijenga nyumba zaidi ya 60,000 kwa fedha za kodi maalumu ya makazi iliyowabana zaidi wenye majumba makubwa. Jengo linalojulikana kuliko yote, Karl-Marx-Hof, lilikamilika mwaka 1930 na lina urefu wa zaidi ya kilometa moja. Ndani yake mlikuwa na mabafu, sehemu za kufulia nguo na shule za chekechea. Watu wanaishi humo hadi leo. Kinachonishangaza ni kwamba kanuni ya msingi ilifanana na ya St. Louis: umma unajenga, kodi ya mpangaji inatunza. Tofauti ilikuwa nani anaruhusiwa kuingia. Vienna iliwapangisha wafanyakazi wenye mishahara, na mpaka sasa kiwango cha kipato cha kustahili nyumba hizo kimewekwa juu kiasi kwamba mwalimu na dereva wanaweza kuwa majirani. St. Louis iliwakusanya maskini peke yao kisha ikawaambia watengeneze lifti.

Sasa niingie kwenye maana ya wanasheria. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 25, lilitaja nyumba kama sehemu ya hali bora ya maisha, sambamba na chakula, mavazi na matibabu. Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966, ibara ya 11, ukaifanya kuwa wajibu wa nchi zilizouridhia. Lakini nyumba gani? Ilichukua hadi mwaka 1991 kwa kamati inayosimamia mkataba huo kutoa ufafanuzi: haki hii haimaanishi paa tu juu ya kichwa, ni haki ya kuishi mahali kwa usalama, amani na heshima. Kamati ikataja mambo saba, na la kwanza waliloliweka halikuwa ukuta wala paa, lilikuwa uhakika wa kisheria wa kutoondolewa. Lile lile ambalo watakwimu hulikosea nafasi.

Maneno ya Geneva, inakokutana kamati hiyo, yanaweza kubaki ya Geneva. Yaliteremka ardhini kwa namna ambayo kila mwanafunzi wa sheria hapa anapaswa kuijua, katika kesi ya Irene Grootboom.

Wallacedene ni mtaa wa vibanda pembezoni mwa Cape Town, Afrika Kusini. Irene Grootboom aliishi humo yeye na familia yake, pamoja na dada yake na familia ya dada yake, ndani ya kibanda kimoja. Hakukuwa na maji, hakukuwa na mfereji wa majitaka, hakuna aliyezoa taka, na sehemu ya eneo lenyewe ilikuwa ikijaa maji. Wengi wao walikuwa wameshajiandikisha kuomba nyumba za ruzuku za serikali. Wako waliokuwa kwenye orodha kwa muda wa hadi miaka 7. Mwishoni mwa Septemba 1998 watu wapatao 900, zaidi ya nusu yao watoto, walichoka kungoja. Wakahamia kiwanja kilichokuwa wazi jirani, mali ya mtu binafsi. Na hapa kuna kitu ambacho mwandishi wa riwaya angeambiwa ametia chumvi: kiwanja hicho kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya kujenga nyumba za gharama nafuu. Walivamia mahali palipokuwa pakiwasubiri wao.

Wakafunguliwa kesi ya kuondolewa. Mei 1999, msimu wa baridi ukikaribia, waliondolewa kwa nguvu, siku moja kabla ya muda waliopewa. Vibanda vikasukumwa kwa buldoza na kuchomwa moto, vitu vyao vikaharibiwa vikiwemo vile vilivyokuwa ndani ambavyo wengine hawakupata hata nafasi ya kuviokoa. Kule walikotoka vibanda vyao vilikuwa vimeshachukuliwa na wengine. Wakaenda kukaa kwenye uwanja wa michezo, chini ya mahema ya plastiki. Wiki moja baadaye mvua zikaanza.

Ibara ya 26 ya Katiba ya Afrika Kusini inasema kila mtu ana haki ya kupata makazi ya kutosha. Kesi ilipofika Mahakama ya Katiba, hukumu ikasomwa tarehe 4 Oktoba 2000, ikiwa imeandikwa na Jaji Zak Yacoob. Someni hukumu hiyo wenyewe, msitegemee muhtasari. Mahakama ilisema nyumba ni zaidi ya matofali na saruji: ni ardhi, ni huduma kama maji na uondoaji wa majitaka, ni fedha za kugharimia vyote hivyo, na ni jengo lenyewe. Ikaisifu serikali kwa mpango wake mkubwa wa ujenzi. Kisha ikasema mpango huo, pamoja na ukubwa wake, haukidhi Katiba, kwa sababu haukuwa na chochote kwa mtu asiye na paa leo. Ulikuwa na nyumba za kesho tu. Aliye kwenye mvua usiku huu hakuwa kwenye mpango.

Hilo ndilo jambo la kisheria lililobadilisha vitabu. Lakini soma na upande wake wa pili. Mahakama ilikataa kusema kwamba Irene Grootboom anaweza kuidai serikali nyumba, yeye kama yeye. Ilichompa ni haki ya kuwepo kwa mpango unaomkumbuka mtu kama yeye. Alifariki mwaka 2008, bado akiishi kwenye kibanda. Jina lake linatajwa katika vyuo vya sheria kuanzia Delhi hadi Toronto, na nyumba hakuipata. Wako wenzangu wanaoiona kesi hii kama ushindi mtupu, mimi siwezi. Kwao neno "haki ya nyumba" lilimaanisha sera nzuri. Kwake, nina hakika, lilimaanisha mlango na kitasa.

Maana inayofuata nitaipitia haraka, kwa sababu nyote mnaijua kuliko mnavyokubali: nyumba kama mali. Bei za nyumba zikipanda, gazeti moja huandika habari njema kwenye ukurasa wa biashara na habari mbaya kwenye ukurasa wa jamii, siku ile ile, na hakuna mhariri anayeona mgongano. Mkopo wa nyumba wa mtu huchanganywa na mikopo ya maelfu ya wengine, ukafungashwa, ukauzwa kwa wawekezaji ambao hawatauona mlango wake kamwe. Mwaka 2008 tuliona mwisho wa njia hiyo: benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba ya mwaka huo, na mamilioni ya familia za Marekani zikapoteza nyumba zilizokuwa imara kabisa, hazina ufa wala paa linalovuja. Ganda lilikuwa zima. Kilichovunjika ni karatasi.

Singapore walijaribu kuchanganya maana hizi kwa akili ambayo naiheshimu hata ninapoitilia shaka. Bodi yao ya nyumba, HDB, iliundwa mwaka 1960. Mwaka 1964 wakaanza kuwauzia wananchi badala ya kuwapangisha tu, na leo karibu wakazi wanane katika kila kumi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na bodi hiyo. Mtu anasema "nimenunua nyumba". Alichonunua ni haki ya kukaa miaka 99, na ardhi inabaki ya dola. Kwa miongo kadhaa bei zilipanda, na nyumba hiyo hiyo ikawa makazi, akiba na pensheni. Sasa nyumba za mwanzo zinazidi kuzeeka, saa ya miaka 99 inakwenda mbele, na wenyewe wanauliza: hivi kweli ninamiliki, au nililipia kodi ya miaka 99 kwa mkupuo? Swali hilo lilikuwemo kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Neno "kununua" ndilo lililolifunika.

Nifike kwenye maana ambayo nina upendeleo nayo, na sitaficha. Kuna msanifu Mwingereza, John Turner, aliyefanya kazi Peru kuanzia mwaka 1957 hadi katikati ya miaka ya 1960. Alikwenda akiwa na elimu ya kuwajengea watu. Akakuta familia za Arequipa na Lima zikivamia majangwa, zikiweka mikeka ya kwanza, kisha ukuta mmoja, kisha chumba, kisha paa, kisha ghorofa, miaka na miaka. Alichoandika mwaka 1972 ni kwamba tumelifanya neno hili kuwa jina la kitu, ilhali kwa watu wengi duniani ni kitendo. Cha kuuliza kuhusu nyumba, alisema, ni inafanya nini katika maisha ya wakaao, zaidi ya kuuliza ni nini.

Hamhitaji Peru kulielewa hili. Mnajua pagale: nyumba iliyofika lenta, nondo zinachungulia juu, nyasi zimeota sebuleni. Kwa karani wa sensa si nyumba. Kwa benki si dhamana. Kwa ofisi ya mipango miji pengine ni kosa. Kwa mwenyewe ni akiba ya miaka kumi, na ni chumba kimoja cha nyuma alichoezeka bati ambacho tayari analala. Anajenga kwa mwendo wa kipato chake: mwezi wa neema mifuko ya saruji, mwezi wa dhiki hakuna kitu. Sheria inayomtaka awasilishe ramani kamili, apewe kibali chenye ukomo, na amalize kabla ya kuhamia, haimfahamu mtu huyu hata kidogo. Imeandikwa kwa ajili ya anayejenga kwa mkopo.

Mwaka 2004, katika mji wa Iquique kaskazini mwa Chile, kampuni ya wasanifu iitwayo Elemental, chini ya Alejandro Aravena, ilipewa kazi ya kuzihudumia familia zipatazo 100 zilizokuwa zimekalia kwa miaka 30 kiwanja cha nusu hekta katikati ya mji, mahali palipoitwa Quinta Monroy. Ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 za Marekani kwa familia, na humo ndani ilipie ardhi, huduma na nyumba. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuzihamisha familia hizo hadi kwenye ardhi rahisi nje ya mji na kuzijengea vijumba vidogo vilivyokamilika. Wao walinunua ile ardhi ya katikati, iliyokuwa ghali mara tatu kuliko kawaida ya nyumba za ruzuku, wakabaki na fedha za nusu nyumba. Wakajenga nusu.

Lakini ipi? Hapo ndipo penye kazi. Walijenga ile nusu ambayo familia peke yake ingejenga kwa shida au kwa hatari: jiko, bafu, ngazi, kuta za kugawana na jirani, na kiunzi cha zege kinachoweza kubeba nyumba nzima. Pembeni waliacha nafasi tupu, yenye upana wa nyumba ile ile. Familia zikaingia kwenye meta za mraba 36, na taratibu zikajaza nafasi ile: huyu kwa mbao, yule kwa matofali, mwingine rangi ya samawati, mwingine dirisha alilolitoa kwenye kibanda cha zamani. Baada ya upanuzi nyumba zilifikia kama meta za mraba 70. Aravena alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, mwaka 2016.

Wapo wanaosema hii ni njia ya serikali kutoa nusu na kuliita deni lililobaki "uhuru". Hoja hiyo ina uzito, na nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nusu nyumba ni fomula ya kubandika popote. Pasipo mahali pazuri, nusu nyumba ni nusu tu. Ninachokisifu pale ni uamuzi wa kwanza: fedha zilipokuwa chache, walikata matofali, hawakukata mahali. Familia zilibaki karibu na kazi, shule na watu waliowajua.

Hilo linanileta kwenye neno "nafuu", ambalo huambatana na nyumba kila mahali siku hizi. Nafuu kwa nani? Katika sheria za nyumba za umma za Marekani, mwaka 1969, mwaka ule ule wa mgomo wa St. Louis, seneta Edward Brooke alipitisha kikomo: mpangaji asitozwe zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake. Mwaka 1981 ikapandishwa hadi asilimia 30, na tarakimu hiyo ikasambaa duniani kana kwamba ilitoka kwenye fizikia. Asilimia 30 ya kipato cha tajiri ikiondoka, kinachobaki kinaendesha maisha na kusaza. Asilimia 30 ya kipato cha kibarua ikiondoka, kinachobaki pengine hakifikii hata mwisho wa wiki. Na kipimo hicho hakihesabu nauli. Nyumba ya bei ndogo iliyo mbali kiasi kwamba mtu anatoka alfajiri na kurudi usiku huandikwa "nafuu" kwenye ripoti. Kwenye mfuko wa mkazi wake sehemu ya kodi imebadilishwa jina tu na kulipwa kwa kondakta.

Kwa hiyo, ninyi mtakaokwenda kuandika sheria hizi, ombi langu ni dogo na la kiofisi. Kila sheria ina kifungu cha tafsiri pale mwanzoni, ambacho wabunge hukiruka ili wafike kwenye mambo. Msikiruke. Andikeni humo nyumba ni nini kwa madhumuni ya sheria hiyo: kama ni idadi ya vyumba, semeni, kama ni pamoja na maji, njia na uhakika wa kukaa, semeni. Andikeni nafuu ni kwa kipato cha nani, na kama nauli imo. Andikeni pagale liko upande gani. Halafu mtafuteni mpangaji wa chumba kimoja asiye na mkataba wa maandishi, ambaye katika miji mingi ya dunia ndiye mkazi wa kawaida kuliko mwenye hati. Someni rasimu yenu tangu mwanzo hadi mwisho, mwone ametajwa wapi. Kama anatokea tu kwenye kifungu cha adhabu ya kuchelewesha kodi, rasimu irudi mezani.

Mwenyekiti, maswali yaanzie hapo kwa mpangaji, na ningefurahi la kwanza litoke kwa wahandisi.